Kilo Mbili Mgongoni

Siku Benjamini aliposimama mbele ya duka la Ghanim, hakuwa na haja ya kununua kitu. Alikuwa ametoka kupeleka jiko la chipsi Mtaa wa Sikukuu na sasa anarudi Ilala kwa miguu, polepole, mguu wa kushoto ukiburuta kama kawaida yake. Ilikuwa Julai ya mwaka tisini na sita. Bidhaa za Dubai zilikuwa zimefurika Kariakoo mpaka barabarani: maredio, pasi, feni, viatu vya plastiki vilivyofungwa jozi jozi kwa kamba. Televisheni zilikuwa bado ngeni, na duka lililowasha moja dirishani lilikusanya watu mpaka mikokoteni ikakosa njia.

Kwenye televisheni ya Ghanim walionekana watu wawili chini ya maji, mitungi mgongoni, wakipita juu ya matumbawe. Wapagazi walisimama na mizigo yao begani, wakatazama kidogo, wakacheka, wakaenda zao. Benjamini alibaki. Kanda ilipoisha, mtu wa ndani aliirudisha mwanzo, naye akaitazama tena.

Mara ya tatu akatoka dukani msichana wa miaka ishirini na sita hivi, amejifunga ushungi wa kijani, kalamu mkononi.

"Shikamoo mzee. Karibu ndani, kuna kiti."

"Marahaba, binti. Hapa hapa panatosha." Hakuondoa macho kwenye kioo. "Huyo wa nyuma mkanda wake wa begani umelegea. Mitungi inamlalia upande mmoja. Akienda mbali atachoka huyo."

Msichana aliitazama televisheni, kisha akamtazama yeye.

"Huyo wa nyuma ni mimi," alisema.

Ndivyo Benjamini alivyomjua Rahaf, binti wa Ghanim. Siku tatu za wiki alikaa dukani kwa baba yake, na siku nne aliongoza wageni kuzamia kwenye hoteli moja kaskazini ya mji. Baba yake hakuipenda kazi hiyo, lakini alikuwa amechoka kuikataza. Kanda ile aliipiga Mholanzi mmoja aliyekuja miezi miwili kumfundisha uzamiaji wa kina kirefu, ule wa mitungi miwili, ambao mtu akimaliza hapandi moja kwa moja bali husimama njiani, dakika kadhaa hapa, dakika kadhaa pale, mpaka mwili umwage hewa uliyoinyonya.

Na Rahaf alijua siku hiyo hiyo kwamba mzee anayechechemea alikuwa mzamiaji. Miaka kumi na miwili alifanya kazi katika shirika moja la umma ambalo sasa halipo. Alisafisha matumbo ya meli, akakata vyuma vilivyozama, akafunga kamba mahali pasipoonekana mkono. Mwaka themanini na tano aliumia. Shirika likampeleka karakana. Lilipouzwa naye akapunguzwa pamoja na wengine, na tangu hapo akawa fundi wa majiko na masinki, uani kwake Ilala. Miaka kumi na moja hakuwa amegusa bahari.

Wiki iliyofuata Rahaf alimfuata huko huko Ilala. Alimkuta amekaa juu ya ndoo, anapiga tupa kingo za karai. Candida, mke wa Benjamini, alikuwa kibarazani akishona turubai kwa cherehani yake kubwa ya miguu.

"Mzee Benja, nataka unitengenezee bamba la mgongoni," Rahaf alisema. Akatoa picha mfukoni. "Kama hili la mwalimu wangu. La stenlesi."

Benjamini aliipokea picha kwa vidole vyenye vumbi la chuma. Bamba lenyewe lilikuwa kipande cha chuma kirefu kama mgongo wa mtu kutoka mabegani hadi kiunoni, limekunjwa katikati kama mfereji, na lina matundu ya kupitishia mikanda. Mitungi hufungwa nyuma yake kwa bolti mbili, mfuko wa hewa ukikaa katikati. Mzamiaji hulivaa kama mkoba, na kila kitu chake kinalitegemea.

"Kwa nini usinunue?" Candida aliuliza bila kuinua kichwa.

"Bongo nzima hakuna dukani, mama. Kuliagiza Ulaya litafika baada ya mwalimu. Anarudi Oktoba, na amesema kila mtu aje na vyombo vyake. Mitungi ninayo tayari, miwili, ya chuma."

"Oktoba mnaenda wapi?" aliuliza Benjamini.

Rahaf alichuchumaa karibu naye. Aliposema, sauti yake ilishuka.

"Nje ya visiwa kuna ukuta. Unaanzia mita kumi na tano, unashuka. Mimi nimefika mita arobaini, mwisho wa ruhusa yangu. Nilishika mwamba, nikachungulia. Mzee Benja, ukuta ulikuwa unaendelea. Bluu imekolea mpaka imekuwa kama wino, na ukuta unaingia humo. Nikaangalia saa yangu, ikabidi nigeuke. Tangu siku ile, nikiwa dukani nauza redio, nauona. Mteja ananiuliza bei, mimi nauona."

Benjamini alikuwa ameacha kupiga tupa. Cherehani ya Candida nayo ilikuwa imenyamaza.

"Najua," alisema.

Alimpima siku hiyo hiyo. Alichukua boksi la feni, akalikata, akaliegemeza mgongoni pa Rahaf juu ya baibui, huku Candida ndiye anayeweka alama kwa chaki, maana Benjamini aliona haya kumshika mtoto wa watu mabegani. Kutoka mfupa wa shingo hadi kiunoni. Upana wa mabega. Matundu ya bolti yawe inchi kumi na moja kutoka moja hadi jingine, kama mitungi ilivyofungwa. Kielelezo cha boksi kikatundikwa msumarini.

Chuma alikipata Mchafukoge, katika duka la Shashikant, mfanyabiashara wa Kihindi ambaye zamani aliuza mabati na misumari tu. Sasa hoteli zilikuwa zikijengwa kila upande na majiko yao yote yanataka stenlesi, kwa hiyo Shashikant akajaza stoo.

"Milimita tatu," alisema Benjamini.

"Milimita tatu kwa sinki? Unataka kuogeshea tembo?" Shashikant alicheka, lakini alimtolea kipande kizuri, kimebaki kwenye kazi ya hoteli, bado kina karatasi ya kukikinga mikwaruzo.

Benjamini hakuwa amefanya kazi ya namna ile kwa miaka. Majiko ya chipsi aliyafanya akiwaza mambo mengine. Hili alilifanya bila kuwaza lolote. Alichora, akakata, akatoboa tundu moja moja kwa keekee, akapeleka kwa jirani mwenye mashine ya kukunjia, akarudi nalo amelikumbatia kifuani kama sahani ya kioo. Kingo alizilainisha kwa tupa, kisha kwa msasa, kisha kwa kitambaa chenye mafuta, mpaka ukipitisha ulimi hukwaruzwi. Wateja wawili wa majiko walikuja wakaambiwa warudi Jumatano. Candida alimwona akila na mkono wa kulia huku wa kushoto umelala juu ya bamba.

Lilipokamilika alilisimamisha juu ya meza, akarudi nyuma hatua mbili.

Candida alitoka jikoni akifuta mikono kwa khanga. Alilitazama bamba muda mrefu. Yeye ni mshonaji, na macho ya mshonaji hayahitaji futi. Akaenda msumarini, akachukua kile kielelezo cha boksi, akakiweka juu ya chuma. Chuma kilizidi kwa juu vidole viwili, kwa chini vitatu, na mabegani kilitokeza pande zote.

"Baba Klara," alisema. "Hili si la binti."

"Si la binti kivipi? Nimefuata alama."

"Geuka."

Aligeuka. Candida alilibeba bamba kwa mikono miwili, akaliweka mgongoni pake juu ya shati. Lilimkaa. Lilianza pale pale linapotakiwa kuanza na kuishia pale pale linapotakiwa kuishia, na mfereji wake ukalala kwenye uti wa mgongo kana kwamba walizaliwa pamoja.

Benjamini alijaribu kukumbuka ni lini aliacha kutazama boksi. Hakukumbuka.

"Na si hilo tu," Candida alisema, bado amelishikilia nyuma yake. "Lile lililokuumiza lilikuwa la chuma. Ulilitengeneza mwenyewe, ukaja nalo nyumbani ukinionyesha. Mimi nakumbuka lilivyokuwa zito. Wewe umesahau?"

Hakuwa amesahau. Ilikuwa mita arobaini na mbili, kwenye tishari lililozama. Siku hizo hakuwa na mfuko wa hewa. Alitegemea miguu yake na kamba. Kamba ilinaswa, akaikata, akaanza kupanda kwa kupiga miguu, na kile chuma alichojitengenezea kwa mapenzi yake mwenyewe kikawa kinamrudisha. Kila mita ilimgharimu pumzi ya mita tatu. Alipofika pale alipopaswa kusimama na kungoja, mtungi ulikuwa mtupu. Hakusimama. Alipanda moja kwa moja mpaka juani, akamshukuru Mungu, akanywa chai. Jioni alipotaka kuinuka kwenye kiti, mguu haukuinuka. Chumba cha kumtibu mzamiaji wa hali ile hakikuwapo karibu. Daktari alimwambia maneno machache: asirudi tena kwenye kina, abadan.

"Binti amekuja na picha ya chuma, na mitungi yake pia ni ya chuma," Candida aliendelea. "Wewe ulijua. Ukanyamaza ili upate kulitengeneza."

Maneno hayo yalimwingia, na hakuwa na pa kuyakwepea. Alikaa juu ya ndoo yake, bamba miguuni, na kwa mara ya kwanza tangu Julai akaona aibu mbele ya mke wake.

Asubuhi alikwenda Kariakoo. Alimkuta Rahaf anamfungia mteja redio kwenye boksi, na Ghanim mwenyewe yuko mezani anakunywa kahawa. Benjamini alisubiri mteja atoke.

"Rahaf, nimekukosea," alisema. "Bamba nimelitengeneza, zuri sana, lakini nimelitengeneza kwa kipimo changu. Na hata lingekuwa kipimo chako, nisingekupa. Ni zito kwako."

Uso wa Rahaf ulibadilika. "Lakini mwalimu analo la stenlesi. Wote kwao wanayo ya stenlesi."

"Mwalimu wako kwao anazamia wapi?"

"Kwenye baridi. Maziwa ya huko, na bahari yao ya kaskazini."

"Anavaa nini?"

"Suti nene, ya kuingiza hewa ndani."

"Ile suti inamvuta juu. Bila chuma hazami. Na ikitokea mfuko wake umepasuka, suti yenyewe itamnyanyua. Wewe unavaa nini?"

Suti ya Rahaf ilikuwa nyembamba, milimita tatu, kwa maji ya moto ya hapa.

"Wewe unavaa kama mtu anayekwenda kulala," alisema Benjamini. "Mitungi ya chuma juu, bamba la chuma chini yake. Mfuko ukipasuka umebaki na miguu yako tu. Itazame yangu."

Ghanim aliweka kikombe chini. "Tofauti ni kiasi gani, bwana?"

"Kilo mbili."

"Kilo mbili tu?"

"Hapa dukani kilo mbili ni mfuko wa sukari. Kule chini ndiyo pumzi utakayokuwa umeimaliza kabla hujafika mahali pa kusimama."

Ghanim alimtazama binti yake. Benjamini alidhani sasa atatumia nafasi hiyo kukataza kila kitu. Alisema tu, "Umesikia?"

"Nimesikia, baba," Rahaf alisema. Kisha, kwa Benjamini, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu, "Nililiona kabisa, Mzee Benja. Linang'aa."

"Hata mimi," alisema Benjamini.

Alumini ya kufaa haikupatikana kirahisi. Ya masufuria ilikuwa laini mno, ya madirisha nyembamba mno. Shashikant alipekua stoo yake nusu siku, akamwita binti yake Bijal atafute kwenye daftari la mizigo, na mwisho wakakitoa kipande kutoka nyuma ya marobota ya waya: milimita nne, aina inayotumiwa na watengeneza boti, iliyokuja kwa makosa na haikupata mnunuzi. Kilikuwa kijivu, kimefifia, kina mkwaruzo mrefu upande mmoja.

"Kibaya kwa sura," alisema Shashikant.

"Lakini chumvi haikili," alisema Benjamini.

Safari hii alikibandika kielelezo cha boksi juu ya alumini kwa gundi, ili asiweze kupotea. Alikata kwa kufuata karatasi. Kila alipomaliza hatua alimwita Candida aje apime, na Candida alikuja, akapima kwa kamba yake ya kushonea, akarudi kibarazani. Siku ya mikanda ilipofika, utepe mmoja mrefu ukapitishwa matunduni kutoka bega hadi bega hadi kiunoni. Ule wa kupita katikati ya miguu ulihitaji kushonwa kitanzi kitakachobeba mtu mzima na mitungi yake. Benjamini alianza kuushona kwa mkono, kwa sindano ya magunia.

Candida alimtazama mpaka akashindwa kuvumilia. "Lete hapa. Huo mshono hata mfuko wa shule haubebi."

Akaushona yeye, mara nne kwenda na kurudi, kisha msalaba katikati. Alipomaliza aliukanyaga kwa mguu na kuuvuta kwa mikono yote miwili. Haukulegea.

"Mnajaribia wapi?" aliuliza.

"Kwenye bwawa la hoteli. Jumapili asubuhi, kabla wageni hawajaamka."

"Nitakuja."

Walikwenda wote watatu kwa pikapu ya Ghanim. Benjamini alikuwa amelileta na lile la stenlesi, limefunikwa kwa gunia, ili Rahaf ajionee mwenyewe asije akadhani ni hofu ya mzee. Upande wa kina bwawa lilikuwa na mita tatu.

Rahaf alianza na la chuma. Lilimpwaya, likamgonga nyuma kila alipopiga hatua, lakini walikaza mikanda. Akashuka mpaka chini, akautoa mfuko hewa yote, akaanza kupiga miguu kuja juu. Walimwona kutoka ukingoni. Alifika nusu, akasimama hapo akipiga na kupiga kama anayepanda ngazi inayoshuka, kisha taratibu akarudi chini. Akajaribu tena. Mara ya pili alikaa chini kwa muda, halafu akatembea sakafuni hadi kwenye ngazi, akatoka akishika vyuma.

Alikaa akihema. Benjamini alihamisha mitungi kwenye bamba la alumini, akamfunga, na Rahaf akarudi majini. Safari hii alipiga miguu akapanda. Haikuwa rahisi. Alipotokeza kichwa uso wake ulikuwa umeiva. Lakini alitokeza.

"Hilo," alisema, akishika ukingo. "Hilo ndilo."

Benjamini aliitika kwa kichwa. Alianza kulifunika lile la stenlesi kwa gunia lake. Rahaf alikuwa akimtazama kutoka majini, maji yakimchuruzika usoni.

"Na wewe, Mzee Benja? Hilo ni lako."

Benjamini alisimama na gunia mkononi. Hakumtazama Rahaf. Alimtazama mke wake, kisha haraka akatazama pembeni, kama mtu aliyekutwa akichungulia dirisha la watu.

Candida alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba wake mapajani.

"Maji yale yana kina gani?" alimuuliza Rahaf.

"Mita tatu, mama."

"Mtu anaweza kuumia mita tatu? Kwa ule ugonjwa wake?"

"Kwa ugonjwa ule, hapana, akikaa kidogo na akitoka taratibu. Na mimi nitakuwa pembeni yake, mkono juu ya mkanda."

Candida alifungua mkoba wake, akaufunga tena. Alikumbuka miezi ile sita aliyomwogesha mume wake kwenye beseni.

"Vaa," alisema. "Nahesabu mia mbili. Nikifika uwe umetoka."

Walimfunga. Alikuwa amevua shati, na Candida akaona jinsi mikanda ilivyolala kwenye mabega ambayo siku hizi yalibeba majiko tu. Benjamini alishuka ngazi kwa mgongo, hatua moja moja, akivuta mguu wake, mpaka maji yakafika kidevuni. Aliuma kifaa cha kupumulia. Akazama.

Chini alikaa kwenye sakafu ya vigae. Alipumua, akasikia ile sauti, ya ndani kabisa, ambayo hakuna redio ya Kariakoo iliyowahi kumtolea. Halafu akagundua kwamba mguu wa kushoto hauumi. Haukuwa na uzito. Aliuinua, ukainuka. Aliukunja, akaunyosha, akaupeleka huku na huku kama mtoto anayechezea mguu wake mwenyewe. Rahaf, mkono wake juu ya mkanda, aliona mapovu ya mzee yakitoka yakikatikakatika akajua analia au anacheka.

Juu, Candida alihesabu kwa sauti. Alifika mia mbili. Akaanza tena, moja.

Benjamini alitoka kwa kusaidiwa, kwa sababu nje ya maji mguu ulirudi kuwa ule ule. Candida alimfunika mabega kwa khanga.

"Limekukaa?"

"Limenikaa."

Jumatatu asubuhi Benjamini alilifunga bamba la stenlesi kwenye jiliwa, akawasha grainda, akalikata katikati, na vipande vyake akavikunja kuwa miguu ya jiko la mteja aliyengoja tangu wiki iliyopita. Candida alisikia kelele akatoka. Alitaka kumwambia asifanye hivyo, kwamba angeweza kulitundika ukutani tu. Aliona uso wake, akarudi ndani.

Oktoba Mholanzi alirudi. Alilichukua bamba la alumini, akaligeuza, akauvuta ule mshono wa kitanzi, akauliza nani amelitengeneza. Rahaf alimwambia. Mholanzi akasema basi fundi huyo aje kwenye boti.

Kwa hiyo Benjamini alikwenda. Hakuvaa kitu zaidi ya kaptura na kofia. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye ubavu wa boti na kushika kamba ya kusimamia, ile ambayo wazamiaji wangeifuata wakati wa kurudi. Rahaf alijirusha nyuma, akaelea kidogo, akamwonyesha ishara kwamba yuko sawa, akazama. Bamba la kijivu ndilo la mwisho alilolifuata kwa macho, mpaka bluu ikalimeza.

Ilikuwa saa nzima na dakika kumi. Benjamini alitazama mapovu. Yalikuwa yakitokeza pamoja, kisha yakaenda mbali, kisha yakawa machache sana na madogo, na hapo akajua wako chini kabisa, akainamia maji. Haikuwa hofu. Alijua hofu ilivyo. Alitaka kuwa pale. Alitaka mno, akiwa na miaka hamsini na mbili, kofia kichwani, mguu mmoja wa kuburuta, hata akaishika kamba kwa mikono miwili kama vile ni yeye anayehitaji kushikwa.

Kisha kamba ikatikisika. Wamefika pa kusimama. Akasubiri. Ikatikisika tena, juu kidogo. Wanasimama. Wanasubiri. Hewa inawatosha. Alihesabu kila dakika waliyosimama, na kila moja ilimtoa jasho.

Rahaf alipotokeza, walimvuta botini wakamfungua mikanda. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye ubao, hajavua hata miwani.

"Niambie," alisema Benjamini.

"Mita hamsini na tano." Alihema. "Unaendelea, Mzee Benja. Ukuta unaendelea."

"Mpaka wapi?"

"Sikuona mwisho." Akavua miwani, na macho yake yalikuwa yale yale ya siku ile alipochuchumaa uani Ilala. "Nilidhani nikifika nitatosheka."

Benjamini alikaa karibu naye. "Hutosheki," alisema. "Lakini umerudi."

Alifika nyumbani alasiri, ngozi imekaza kwa chumvi. Candida alikuwa kibarazani na turubai lake. Alimsogezea kiti, akamletea maji, akamwacha anywe mpaka mwisho.

"Umeridhika?"

Angeweza kumdanganya. "Hapana," alisema.

"Nilijua." Candida aliukata uzi kwa meno, akausukuma ule mzigo wa turubai pembeni, akakaa juu ya mkeka mbele yake. "Miaka yote hii sijakuuliza huko chini kuna nini. Niliogopa ukinisimulia utataka kurudi. Sasa naona unataka tu, nikuulize nisikuulize. Haya. Kuna nini?"

Benjamini alimtazama. Watoto wa jirani walipita wakipiga tairi, mtu akafungulia redio upande wa pili wa ukuta.

"Kwanza," alisema, "nyekundu inapotea."

"Inapotea inaenda wapi?"

"Inakuwa nyeusi. Ukivaa khanga yako hiyo, mita kumi tu, ile nyekundu yote inakufa. Halafu inakuja rangi ya chungwa, nayo inakufa."

Candida aliitazama khanga yake. Akakunja miguu vizuri.

"Endelea," alisema.